Namna ya Kupima Karata Moja Moja: Mwongozo Kamili kwa Wachezaji wa Magic, Pokémon na Yu-Gi-Oh!

Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield, ulipotoka mwaka 1993 ulikuja na karata tano zilizojengwa kwa hesabu moja: unalipa mana 1 (mana ni nguvu ya kulipia karata), unapata 3 ya kitu fulani. Ancestral Recall inakupa karata 3 mkononi. Lightning Bolt inapiga pigo la 3 popote unapotaka. Dark Ritual inazaa mana 3. Giant Growth inamwongezea kiumbe nguvu 3 na uhai 3 mpaka mwisho wa zamu. Healing Salve inakurudishia uhai 3, au inazuia pigo la 3.

Zipange mezani mbele ya mtu asiyeujua mchezo, atakwambia zote zinalingana. Ukweli ni kwamba hazikaribiani. Ancestral Recall imepigwa marufuku katika mfumo wa Legacy, na kwenye Vintage, ambako karibu kila kitu kinaruhusiwa, unakubaliwa nakala moja tu. Lightning Bolt ni silaha ya kuaminika hadi leo. Dark Ritual na Giant Growth zina deki zake maalumu. Healing Salve haiwekwi na mtu yeyote anayetafuta ushindi.

Kuelewa kwa nini karata hizi tano zimeachana hivyo ndiyo kazi nzima ya kupima karata. Msimamo wangu ni huu: karata ipimwe kwa kazi inayofanya siku ya kawaida, mko sawa au umebanwa, mkono wako haujakaa vizuri. Kila karata ina siku moja ambayo inaonekana ya ajabu, na siku hiyo ndiyo inayowadanganya wachezaji wengi.

Kwa sisi wa Moshi jambo hili lina uzito wa pekee. Karata hazipatikani duka la jirani. Zinafika na ndugu anayerudi kutoka nje, au na mtu aliyepita Nairobi, pakiti chache kwa mkupuo, halafu mnabadilishana sebuleni kwa mtu Soweto au Rau. Ukimwagiza mtu karata nne, lazima ziwe nne zinazofanya kazi.

Hatua ya kwanza: weka kando bei na picha

Hii ni ya haraka. Charizard wa kumeremeta wa seti ya kwanza ya Pokémon, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1999, ni moja ya karata zinazotafutwa sana na wakusanyaji duniani. Ndani ya mchezo, ili atoe pigo lake la 100 unamkuza kwa ngazi mbili kutoka kwa Charmander, unampa nishati nne za moto, na kila akipiga unatupa nishati mbili. Seti hiyohiyo ilikuwa na karata ya kawaida kabisa iitwayo Bill, isiyong'aa, ambayo kazi yake ni moja: vuta karata 2. Deki kali za wakati ule zilibeba Bill. Zilibeba pia Hitmonchan, ambaye kwa nishati moja tu anaanza kupiga pigo la 20 tangu zamu za mwanzo.

Ukitaka kukusanya, kusanya, ni jambo zuri. Ila weka mafungu mawili: ya kutunza na ya kuchezea. Mtu akikubadilishia Charizard kwa karata nane za kuchezea, kwanza jiulize unabadilisha kutoka fungu lipi.

Hatua ya pili: soma maandishi neno kwa neno

Anayejua kuchagua mtumba pale soko la Memorial hugeuza nguo ndani nje akague mishono, lebo anaitazama baadaye. Karata nayo isomwe hivyo, hasa kwa kuwa maandishi yake ni ya Kiingereza na wengi wetu tunayapitia juu juu tukikimbilia namba.

Tafuta majibu ya maswali haya: nani anachagua? Ni lazima au ni hiari? Mara ngapi? Inadumu mpaka lini?

Chukua Doom Blade na Diabolic Edict, karata mbili za Magic zenye bei ileile ya mana 2, zote za kuondoa kiumbe. Kwenye Doom Blade unachagua wewe kiumbe wa kufa, mradi asiwe wa rangi nyeusi. Kwenye Diabolic Edict mpinzani ndiye anayechagua amtoe kiumbe yupi kati ya wake. Akiwa na joka moja peke yake mezani, Edict ni kali kuliko Doom Blade, maana inalifikia hata kama joka hilo limekingwa lisichaguliwe na karata zako. Akiwa na joka na panya wawili, atakukabidhi panya. Bei moja, kazi karibu moja, lakini neno moja la nani anachagua limezigeuza kuwa karata mbili tofauti kabisa.

Neno la lazima nalo lina madhara yake. Flametongue Kavu ni kiumbe wa mana 4 mwenye nguvu 4 na uhai 2, na anapoingia mezani anapiga pigo la 4 kwa kiumbe atakayechaguliwa. Hakuna hiari hapo. Ukimshusha meza ikiwa tupu, kiumbe pekee aliyepo ni yeye, hivyo anajipiga mwenyewe na kufa. Hilo halionekani kwenye picha wala kwenye namba zake.

Kwenye Yu-Gi-Oh! kuna mtego wa aina hiyo unaowanasa hata wazoefu. Karata nyingine zimeandikwa kwamba uwezo wake unatumika mara moja kwa zamu. Nyingine zimeandikwa kwamba uwezo wa karata *yenye jina hilo* unatumika mara moja kwa zamu. Ya kwanza, ukiwa na nakala mbili mezani, kila moja inatumika. Ya pili, nakala ya pili inabaki kukutazama. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uweke nakala tatu au moja.

Hatua ya tatu: jumlisha bei yote

Bei iliyochapwa kwenye kona ni sehemu tu ya bei.

Anza na vipimo vya kulinganishia. Kwenye Magic, kiumbe wa mana 2 mwenye nguvu 2 na uhai 2 ni kipimo cha zamani, tangu Grizzly Bears ya 1993. Karata mpya ikikutaka mana 2 ikakupa chini ya hapo, lazima iwe na kitu kingine kinachofidia. Lightning Bolt na Shock zote ni mana 1, moja inapiga 3 na nyingine 2. Counterspell ni mana 2, Cancel inafanya kazi ileile kwa mana 3. Ukiwa na vipimo vichache vya hivi kichwani, nusu ya kazi imeisha, maana huhitaji tena kuuliza karata fulani ni nzuri kiasi gani. Unauliza tu inazidi au inapungua kipimo.

Halafu tazama kama utaifikia hiyo bei. Deki ya kawaida ya Magic ina karata 60, na ardhi, yaani karata zinazokuzalishia mana, ndani yake ni kama 24. Ukiwa wa pili kucheza, kufikia zamu ya sita umeona karata 13, na kwa wastani ardhi kati ya hizo ni 5.2. Maana yake karata ya mana 6 mara nyingi haishuki zamu ya sita. Inashuka ya saba au ya nane, na kabla ya hapo imekaa mkononi haifanyi chochote. Ndiyo maana dogo aliyeshika Colossal Dreadmaw, mnyama wa mana 6 mwenye nguvu 6 na uhai 6, anaweza kupigwa akiwa bado ameishika. Karata moja au mbili za namna hiyo zinatosha.

Kuna bei isiyo na namba. Ultra Ball ya Pokémon inakutafutia Pokémon yeyote ndani ya deki, lakini unatupa karata nyingine mbili za mkononi. Karata za Supporter, aina ya karata za msaada kwenye Pokémon, zinachezwa moja tu kwa zamu, kwa hiyo kila Supporter unayoweka inagombea nafasi na nyingine zote. Ukishacheza Professor's Research, ukatupa mkono wako na kuvuta 7, Supporter nyingine yoyote utakayoivuta inasubiri zamu ijayo. Karata nzuri ikishindania nafasi na karata nzuri zaidi inakuwa mzigo.

Yu-Gi-Oh! haina mana kabisa, na wageni wengi wanadhani basi kila kitu ni bure. Bei iko kwenye ruhusa ya kushusha: kwa kawaida unaruhusiwa kumshusha kiumbe mmoja kwa zamu kwa njia ya kawaida. Blue-Eyes White Dragon ana nguvu 3000 za kushambulia, na kwa njia hiyo anakudai utoe viumbe wawili kafara. Umetumia karata tatu kuweka moja mezani. Ndiyo maana deki zake hutegemea njia nyingine za kumleta.

Na uhai wako pia ni sarafu. Mwaka 1995, kwenye seti ya Ice Age, ilitoka karata iitwayo Necropotence. Unaacha kuvuta karata yako ya kila zamu, na badala yake unalipa uhai 1 kwa kila karata unayoitaka. Wengi waliipita: huvuti, na bado unajiumiza? Kufikia 1996 deki zake zilikuwa zimetawala mashindano. Waliosoma vizuri waliona kwamba katika uhai 20 unaoanza nao, ule wa mwisho tu ndio unaokuweka hai. Mwingine wote unaweza kununulia karata.

Hatua ya nne: hesabu karata zinazotoka na zinazoingia

Kila karata unayocheza ni karata moja iliyotoka mkononi. Uliza imerudisha nini. Lightning Bolt ikiua kiumbe ni karata moja kwa karata moja, hujapoteza wala hujafaidi. Divination, mana 3 kwa karata 2, imekuacha na karata moja ya ziada. Flametongue Kavu akiua kiumbe na yeye akabaki mezani, umepata mbili kwa moja, na mpinzani bado anahitaji karata nyingine ya kumwondoa.

Upande wa pili ni zile unazombandika kiumbe ili aongezeke nguvu, kama Holy Strength. Mpinzani akimuua kiumbe huyo, karata mbili zako zimekwenda kwa moja yake. Anayeanza huzipenda sana kwa sababu ushindi wake unaonekana kwa macho. Hasara yake ni ya kimyakimya.

Hatua ya tano: ipitishe kwenye nyakati nne

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ningependa na wewe ufanye hivyo. Kila mchezo una nyakati nne: mwanzo, ambapo meza ni tupu, usawa, ambapo mmekabana na hakuna anayethubutu kushambulia, kuongoza, na kubanwa. Shika karata, ujione umeivuta sasa hivi katika kila wakati, kisha useme kwa sauti inafanya nini.

Llanowar Elves, kiumbe wa mana 1 anayekuzalishia mana 1 kila zamu. Mwanzo ni bora kabisa, umemtangulia mwenzako zamu nzima. Mmekabana, zamu ya kumi, una ardhi nane: umevuta kiumbe wa nguvu 1. Umebanwa: anazuia shambulio moja na kufa. Kwa hiyo anafaa deki inayotaka kukimbia mapema na kushusha wakubwa, akiwa wa nakala nne ili umpate mwanzo. Nakala moja ya Llanowar Elves haina maana yoyote, maana huenda ukakutana nayo wakati ambao haifai.

Wrath of God, mana 4, inafuta viumbe wote mezani. Umebanwa ni wokovu. Unaongoza, imekaa mkononi kama karatasi. Deki yenye viumbe wengi isiiweke. Deki inayongoja na kumaliza taratibu iiweke nyingi.

Serra Angel, mana 5, nguvu 4 na uhai 4, anaruka, na akishambulia bado anaweza kukinga. Mwanzo hafai, huwezi kumlipia. Usawa anauvunja, maana anapita juu ya viumbe wa chini waliokabana. Ukiongoza anamaliza. Ukibanwa anashambulia na kukinga kwa pamoja. Nyakati tatu kati ya nne, na ndiyo maana karata hii ya 1993 bado inaheshimika pale mtu anapofungua pakiti na kujenga deki ya papo hapo.

Sasa rudi kwa zile tano. Lightning Bolt mwanzo inaua Llanowar Elves, kwenye usawa inaondoa kiumbe wa katikati, ukiongoza inapiga 3 za mwisho moja kwa moja kwa mpinzani, ukibanwa inamwondoa mshambuliaji mdogo. Ina kazi nyakati zote nne. Giant Growth inahitaji uwe na kiumbe. Ukibanwa na meza yako tupu, ni sifuri. Healing Salve ukibanwa inakupa uhai 3, na kiumbe aliyekupiga bado yupo palepale. Zamu ijayo anazichukua hizo 3. Umelipa karata nzima ili uchelewe, na meza haijabadilika hata kidogo.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine: karata yenye kazi kwenye usawa na kwenye kubanwa ipewe nafasi kwanza. Ile inayong'ara ukiwa unaongoza tu, mara nyingi inakusaidia kushinda mchezo ambao tayari ulikuwa wako.

Hatua ya sita: inasimama peke yake?

Karata inayohitaji mwenzake ipimwe kwa namba. Kwenye deki ya 60, ukiweka nakala 4 za karata, nafasi ya kuwa na angalau moja kati ya 7 za mwanzo ni kama asilimia 40. Mpango wako ukihitaji karata mbili tofauti, kila moja nakala 4, nafasi ya kuanza na zote mbili ni karibu asilimia 14 na nusu. Katika michezo saba, unaanza nao kamili mara moja.

Kwa hiyo kila karata ya mpango wa namna hiyo iulizwe inafanya nini katika ile michezo sita mingine. Ikiwa kila moja peke yake ina kazi ya maana, endelea. Ikiwa moja haina kazi bila mwenzake, basi deki iwe na karata za kutafutia, kama zilivyo nyingi kwenye Pokémon, la sivyo mpango huo unabaki wa kusimulia.

Wanaocheza Pokémon TCG Pocket kwenye simu wana hali tofauti. Deki ni ya karata 20 na nakala zisizozidi mbili za kila karata, hivyo karata unayoitaka inafika mapema zaidi, na mipango ya karata mbili inawezekana kuliko mezani. Usichukue sifa ya karata kutoka mchezo mmoja ukaihamishia mwingine.

Hatua ya saba: itazame meza yenu

Doom Blade ni nzuri, ila kama wenzako wawili wanacheza deki nyeusi, nusu ya meza huigusi. Karata za kuvunja vifaa hazina kazi pasipokuwa na mwenye vifaa. Orodha unazoziona mtandaoni zimepimwa kwa mashindano ya Marekani, Japani na Ulaya, ambako watu wana karata zote. Meza ya Moshi ina deki za kile kilichofika, viumbe wengi na karata chache za kuwaondoa. Katika meza ya hivyo kiumbe mkubwa anaishi muda mrefu kuliko orodha zinavyodhani, na karata ya kuondoa kiumbe bila masharti ina thamani kubwa zaidi.

Hatua ya nane: ijaribu kabla ya kuagiza

Karata za Magic na Pokémon zina upana wa milimita 63 na urefu wa 88, hivyo tisa zinaenea kwenye karatasi moja ya A4. Karata za Yu-Gi-Oh! ni ndogo kidogo, 59 kwa 86. Printi nakala nyeusi na nyeupe kwenye steshenari yoyote, kata, uingize kila moja kwenye kifuko cha plastiki mbele ya karata ya zamani isiyo na kazi ili unene ulingane. Waambie wenzako kabla ya kuanza kwamba unajaribu.

Cheza michezo ya kutosha kuivuta katika nyakati zote nne. Uwe na daftari. Kila inapokuja mkononi, andika maneno mawili matatu: ilikuwa wakati gani, na je, ungependa ingekuwa karata gani nyingine iliyomo kwenye deki? Usiandike ulishinda au ulishindwa, kwa sababu unaweza kushinda na karata mbovu mkononi. Baada ya muda utaona mstari: "usawa, ningependa ardhi", "nimebanwa, ningependa Bolt", "usawa, ningependa Bolt". Karata unayotamani kuibadilisha kila inapofika, itoe hata kama ni nzuri kwenye maandishi. Karata ambayo hujawahi kutamani kuibadilisha, ongeza nakala, na hiyo ndiyo ya kumwagiza ndugu yako.

Nakala hizo za karatasi ni za mazoezi ya nyumbani. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliwi. Ukimaliza zichane, zisije zikaingia kwenye fungu la kubadilishana na mtoto mgeni akapewa akidhani amepata karata ya kweli.